Kabla Kamba Haijavutwa: Mafunzo Niliyopata Katika Makorongo ya Utah Wakati wa Baridi

Kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, kuna makorongo ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ukiinua macho unaona ukanda mwembamba tu wa anga. Maji ndiyo yaliyoyachonga, katika jiwe la mchanga liitwalo Navajo, ambalo zaidi ya miaka milioni 170 iliyopita lilikuwa matuta ya jangwa. Kuyapita ni mchezo wenye kanuni moja kubwa. Unaingia kwa juu, unashuka magenge kwa kamba, na mtu wa mwisho akishafika chini mnaivuta kamba na kwenda nayo. Tangu hapo njia ya kurudi haipo tena.

Wengi huyaendea Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Mimi na wenzangu, kikundi kidogo cha watu kutoka Tanzania, Kenya na Kongo tunaoishi Salt Lake City, tumeyazoea kati ya Desemba na Februari. Tunaondoka mjini kukiwa bado giza, tunaendesha gari zaidi ya saa nne hadi upande wa Hanksville na North Wash, na mara nyingi hatukuti gari jingine lolote limeegeshwa. Napenda ukimya ule. Napenda pia kwamba baridi hailei mtu. Kwa muda ambao nimekuwa nikipanga safari hizi nimeamini jambo moja: ugumu wa korongo unachaguliwa nyumbani, juu ya ramani, wakati bado una uwezo wa kusema hapana. Mafunzo yanayofuata yametoka humo.

1. Baridi hupandisha daraja la korongo

Makorongo ya Marekani hupewa daraja kwa namba, herufi na tarakimu za Kirumi. Namba ya 1 hadi 4 inaeleza ufundi: 1 ni matembezi, 3 inahitaji kamba, 4 inahitaji watu waliobobea. Herufi A, B na C zinaeleza maji: A ni pakavu au maji machache, B ni maji yaliyotuama ya kuogelea, C ni maji yenye mkondo. Tarakimu za Kirumi, I hadi VI, zinaeleza muda. Wakati mwingine huongezwa R au X, maana yake kosa dogo hapo linaweza kumvunja mtu au kumuua.

Madaraja hayo yametolewa yakichukulia hali ya kawaida ya hewa. Korongo la 3B la mwezi Juni, lenye madimbwi matatu ya kuogelea, ni mchezo wa kufurahisha. Lipeleke Januari, maji yakiwa karibu ya kuganda, nalo si 3B tena, hata kama kitabu cha njia hakijabadilisha herufi. Kwa hiyo ninapopanga najiuliza safari hii inataka ugumu wa aina gani: wa maji, wa wembamba, wa urefu, au wa kamba? Kisha nachagua mmoja. Baridi tayari ni ugumu wa kwanza, haiongezewi mitatu kwa mpigo. Tukitaka wembamba, tunatafuta korongo kavu na fupi. Tukitaka magenge marefu ya kushuka, tunatafuta lile ambalo hatutajibana hata mara moja. Imlay, ndani ya hifadhi ya Zion, ni refu, limejaa madimbwi ya mtego, na watu huvaa suti nene za mpira humo hata Julai. Sioni sababu ya kuliingia wakati wa baridi, na ninasema hivyo kwa kila anayeniuliza, hata akiwa hodari kuliko mimi.

2. Mvua haijaenda likizo

Kinachoogopwa zaidi katika makorongo haya ni mafuriko ya ghafla, na msimu wake mkubwa ni Julai hadi Septemba, ngurumo za kiangazi zinapotoka kusini. Tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa katika korongo la Antelope, karibu na mji wa Page, Arizona. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali, juu ya mkondo, na pale walipokuwa haikunyesha ya kutisha. Tarehe 14 Septemba 2015, kundi lote la watu saba walioingia korongo la Keyhole, Zion, lilifagiwa na maji. Keyhole ni fupi, ni la saa chache tu. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana habari hizi: bonde la Ol Njorowa ndani ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, liliua vijana wa kanisa Aprili 2012 na kuua tena watalii Septemba 2019, kwa namna ileile.

Baridi inaondoa sehemu kubwa ya hatari hii, na hiyo ni sababu ya kweli ya kuipenda. Dhoruba za Desemba hutoka bahari ya Pasifiki, ni pana, hutembea polepole, na watabiri huziona siku kadhaa kabla. Unaweza kupanga. Lakini usichukulie kwamba miezi ya baridi haina maji. Machi 2023 watu wawili walifariki katika Buckskin Gulch, mojawapo ya makorongo membamba marefu zaidi duniani, baada ya maji kujaa humo. Kwangu mimi dhoruba yoyote inayotabiriwa juu ya eneo lote linalomwaga maji katika korongo letu, hata iwe umbali wa kilomita arobaini, inaahirisha safari.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Jiwe la mchanga likilowa linapungukiwa nguvu. Ncha ya mwamba iliyobeba watu kumi mwezi Oktoba inaweza kumeguka chini ya mmoja baada ya theluji kuyeyuka juu yake. Juani jiwe hukauka kwa siku moja au mbili, na upande wa kaskazini wa genge, ambako jua halifiki, hukaa na unyevu muda mrefu zaidi. Tunangoja.

3. Hesabu kila dimbwi kuwa limejaa

Hapa ndipo safari nyingi za baridi zinapoharibikia. Ndani ya korongo kuna mashimo ambayo mafuriko yameyachimba mwambani, mengine madogo ya kuruka, mengine yenye kina cha nyumba. Yakijaa, unaogelea hadi ukingo na kutoka. Yakiwa nusu, ukingo wa kutokea unabaki juu ya kichwa chako, kuta ni laini, chini miguu haifiki. Hayo ndiyo madimbwi ya mtego. Kuna njia za kutoka: mtu kupanda mabega ya mwenzake, kurusha ng'ambo ya ukingo mifuko iliyojazwa mchanga na kufungwa kamba ili uzito wake ukushikilie, au kutumia ndoano ndogo za chuma kwenye vishimo vya mwamba. Zote zinataka vidole vinavyofanya kazi.

Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa ya baridi ileile. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyejichunguza yeye mwenyewe katika maji ya barafu, amefundisha kanuni iliyo rahisi kukumbuka: dakika moja ya kutawala pumzi, dakika kumi za kutumia mikono vizuri, saa moja kabla mtu hajapoteza fahamu kwa baridi. Watu huogopa ile saa moja. Mimi naiogopa zaidi ile dakika ya kumi, kwa sababu ndani ya korongo anayeshindwa kushika ndoano hatoki dimbwini, na akitoka hawezi kufunga fundo la kushukia genge linalofuata.

Kisha kuna barafu. Dimbwi lililoganda kabisa ni sakafu, unapita. Dimbwi lenye barafu ya unene wa kidole ni balaa: haikubebi, na hairuhusu kuogelea. Nimewaona watu wenye nguvu wakipasua barafu ya namna hiyo kwa viwiko, mita kwa mita, na wakifika ukingoni hawakuweza kufungua karabina zao wenyewe.

Taarifa za maji unazozipata kwa wengine ni za mwezi uliopita, na hakuna aliyepita tangu theluji ya mwisho. Ndiyo maana tunahesabu kila dimbwi limejaa, tunavaa au kubeba suti za mpira hata katika korongo linalosifiwa kwa ukavu, pamoja na soksi na glovu za mpira. Tukijua kuna maji, tunatanguliza mtu mmoja aliyevaa suti isiyopitisha maji kabisa. Yeye ndiye anayeshika kamba upande wa pili na kuwavuta wengine haraka. Hatuwalowanishi wote kwa ajili ya kutafuta njia.

4. Panga siku kuanzia machweo, urudi nyuma

Mwishoni mwa Desemba mchana wa huko una takriban saa tisa na nusu. Jua huchomoza kama saa moja na nusu asubuhi na kutua saa kumi na moja jioni na dakika chache. Ndani ya korongo halifiki kabisa. Mwanga unaoonekana ni ule unaogonga kuta za juu na kushuka chini ukiwa na rangi ya shaba.

Watu hupanga kwa kuanzia asubuhi: tutaamka, tutatembea, tutaingia. Mimi naanza na machweo. Saa mbili kabla yake nataka sote tuwe tumemaliza kamba ya mwisho, tunatembea kuelekea gari. Kutoka hapo nahesabu kurudi nyuma, na muda wa kitabu nauongeza nusu yake, maana kila kitu huchukua muda zaidi mkiwa na glovu. Hesabu ikidai tuingie kabla ya mapambazuko, korongo hilo ni refu kwa siku hiyo na tunachagua jingine.

Idadi ya watu ni sehemu ya hesabu hii. Anayeshuka kwa kamba ana joto. Anayemngoja amesimama kivulini juu ya jiwe baridi, na katika kundi la watu wanane kuna saba wanaongoja. Wanne wananitosha. Wakiwa watatu pia sawa, ila wawili hapana: mmoja akiumia, mwingine atalazimika kuchagua kati ya kumwacha na kutotafuta msaada.

5. Kamba, betri na chai

Kamba iliyolowa huganda ikawa ngumu mfano wa waya, haiingii vizuri kwenye kifaa cha kushukia, kisha ikishika inateleza ghafla. Iweke mfukoni mwake mara tu inapovutwa, isiachwe kwenye upepo. Kabla mtu wa mwisho hajashuka, walio chini waivute kidogo waone kama inakimbia, kwa sababu kupanda tena kuikwamua huku imeganda ni kazi ambayo simtakii mtu.

Betri za taa hukaa ndani ya koti, karibu na mwili. Nguo za pamba zinabaki nyumbani. Na kila mtu abebe chupa yake ya chai, ya tangawizi na sukari nyingi, si kwa starehe: mwili unaotetemeka unachoma chakula kwa kasi, na chai ya moto inamrudisha mtu kwenye mazungumzo.

6. Sikiliza watu wanavyozungumza

Mwili unapoanza kushindwa na baridi, kabla ya mambo makubwa hutoa ishara ndogo. Mtu mcheshi ananyamaza. Anadondosha vitu. Anajikwaa mahali pasipo na kikwazo. Maneno yanakuwa mazito mdomoni. Ukimwuliza anakwambia yuko sawa, naye anaamini hivyo, kwa kuwa akili ndiyo inayopoa.

Kwa hiyo hatumwulizi mtu kama yuko sawa. Tunampa kazi: "Hebu nifungie fundo hili." Au tunamwuliza jambo linalotaka kufikiri kidogo. Anayechelewa kujibu anavuliwa nguo zilizolowa, anavishwa kavu, analishwa, na mpango wa siku unabadilika hapohapo.

7. Mazungumzo ya genge la kwanza

Juu ya genge la kwanza, kabla kamba haijavutwa, tunasimama sote. Ni mahali pekee ambapo kurudi kunagharimu matembezi tu. Kila mmoja anasema kwa zamu, na mdogo kuliko wote anaanza. Utaratibu huo tuliuweka kwa makusudi. Kwetu mkubwa akishasema twende, mdogo hana ujasiri wa kusema vinginevyo, hata kama miguu yake inamwambia rudi. Heshima hiyo ni nzuri mahali pengi, lakini juu ya genge inaweza kuua.

Asubuhi moja huko North Wash, kijana mmoja wa kundi letu alimgeukia aliyekuwa akituongoza, mama wa makamo aliyezaliwa Bukavu, akamwambia, "Dada, leo sina amani. Vidole havijapata moto tangu tulipotoka garini."

Dada akamtazama, akamshika mikono yake miwili. "Basi tunarudi wote, mdogo wangu. Funga kamba."

Hakuna aliyeuliza swali. Tulirudi, tukawasha moto kambini, tukapika, na jioni yake kijana yule alikuwa anacheka. Ningependa kila kundi linalokwenda makorongoni liwe na mtu wa kumjibu mwenzake kwa upesi ule.

8. Ugumu wenye faida

Sasa niseme kwa nini tunautafuta ugumu, maana nikiishia kwenye tahadhari nitakuwa nimeficha nusu ya ukweli.

Kuna makorongo ambayo chini yamebana kiasi kwamba kiatu hakipiti. Njia iko juu, mita tano, kumi, wakati mwingine zaidi: mgongo ukuta huu, nyayo ukuta ule, unasogea ubavu kwa ubavu huku chini yako kuna ufa mweusi. Hakuna kamba inayokulinda. Hayo ndiyo yenye herufi R. Kwa haya, baridi ni rafiki. Jiwe likiwa kavu na la baridi, mpira wa kiatu unashika vizuri kuliko wakati wa joto, jasho halilainishi viganja, na kazi yenyewe inakupa joto. Siku bora nilizopata Utah ni hizo: hewa chini ya nyuzi sifuri, mimi nimevua koti, misuli ya mapaja inawaka, na akili haina nafasi ya wazo lolote ila unyayo unaofuata. Sijapata mahali pengine ambapo nimekuwapo kikamilifu hivyo.

Lakini ugumu huu hujengwa ngazi kwa ngazi. Leprechaun, huko North Wash, lina matawi yenye wembamba wa viwango tofauti, na mtu anaweza kulirudia mara nyingi huku akijifunza mwili wake: mabega yanapita wapi, kifua kinakwama kikiwa kimejaa hewa au kikiwa tupu, miguu inachoka baada ya muda gani. Jirani yake kuna Sandthrax, lenye herufi X, ambalo jina lake hutajwa sana na vijana wanaotaka sifa. Anayelitaka na alirudie kwanza korongo jepesi hadi alipite akiwa amechoka, akiwa na njaa, akiwa na mkoba mzito, na bado pumzi zake zitulie. Nawaheshimu wanaofanya hivyo kwa miaka kuliko wanaomaliza Sandthrax mara moja kwa bahati.

Ugumu unaofaa ni ule unaokuacha na akiba. Ukifika kwenye gari bado una uwezo wa kumbeba mwenzako kilomita moja, siku hiyo ulichagua vizuri.

9. Acha maandishi kwa mtu

Aron Ralston aliingia korongo la Bluejohn peke yake tarehe 26 Aprili 2003, jiwe likamwangukia mkono na kumbana. Hakuna aliyejua alikokwenda. Baada ya siku tano alijikata mkono ndipo akatoka. Habari yake inajulikana kwa filamu, na wengi wanakumbuka kisu. Mimi nakumbuka kwamba hakuacha ujumbe.

Ujumbe wetu una jina la korongo, mahali gari lilipo na namba yake, tunakotokea, majina ya wote, na saa ambayo tukiwa hatujapiga simu mtu huyo ampigie sherifu wa kaunti, kwa kuwa huko Utah ndiye mwenye dhamana ya uokoaji. Saa hiyo tunaiandika, na aliyeachiwa ujumbe anaahidi kutoongeza hata nusu saa ya huruma. Kifaa cha setilaiti tunacho, ila ndani ya ufa mwembamba kinaona anga dogo mno na ujumbe unaweza usiende.

10. Barabara ya udongo huamua kabla yako

Njia nyingi za kufikia makorongo haya ni za udongo wa mfinyanzi. Hole-in-the-Rock, upande wa Escalante, ikilowa hata gari la magurudumu manne linateleza mtaroni. Asubuhi ikiwa imeganda inapitika. Saa nane mchana, theluji ikiyeyuka, ni tope la kushika magoti. Anayeingia kwa barafu afikirie atatokaje. Tunabeba sepetu, mablanketi na chakula cha siku mbili garini.

11. Wageni tuwapeleke Death Valley

Anayetaka kuanza mchezo huu wakati wa baridi, simpeleki Utah. Nampeleka Death Valley, California. Ndipo mahali palipopimwa joto la nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913, na kwa sababu hiyohiyo majira ya baridi ndiyo msimu wake. Mchana wa Januari bondeni ni wa shati la mikono mirefu. Makorongo yake mengi ni makavu kabisa, yana magenge mengi mfululizo ya kushuka kwa kamba, na yana nafasi ya kutosha watu kusimama pamoja, kuangaliana mafundo na kufundishana bila meno kugongana. Kasoro yake ni mawe: mwamba wa huko umevunjikavunjika, vipande vinaanguka kila kamba inapoguswa, na nanga nyingi za kufungia kamba ni rundo la mawe lililopangwa na mtu usiyemjua. Rundo hilo tunalifumua na kulipanga upya kila mara, kisha mzito kuliko wote anashuka kwanza kukiwa na nanga ya pili ya akiba, na mwepesi anashuka mwisho baada ya akiba kuondolewa.

Januari ijayo tunakwenda huko na vijana wapya. Nimewaambia waje na kofia ngumu, glovu za ngozi na taa mbili kila mmoja, na kabla ya hapo wajizoeze kufunga fundo lenye umbo la nane gizani, wakiwa wamevaa glovu, hadi mikono iweze yenyewe.